"BADO ZINASHIKA" SI KIPIMO

Katika karakana zetu, na zaidi katika ofisi zetu, yapo maneno mawili yanayotamkwa kwa wepesi mno. Dereva anapoleta taarifa kwamba breki za gari zinatetemeka, fundi huchungulia kupitia matundu ya rimu, hulizungusha gurudumu mara moja, kisha husema: "Bado zinashika." Afisa naye, ambaye hata hilo gurudumu hajaliona, huyachukua maneno hayo kama hukumu ya mahakama, hutia sahihi yake, na gari hurudi barabarani likiwa limepakia watumishi, walimu, wagonjwa au watoto wa shule. Makala haya yanakusudia kuyapinga maneno hayo mawili, na kuipinga tabia inayoyazaa, bila ya kumung'unya.

Sikusudii kuzungumzia mwendo wa kasi, ulevi, wala matairi yaliyokwisha meno. Mambo hayo husemwa kila inapofika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, na yanastahili kusemwa. Nataka kuzungumzia kipande kimoja tu cha chuma, cha mviringo, kinachozunguka pamoja na gurudumu na kubanwa na pedi pande zote mbili dereva anapokanyaga breki. Mafundi wetu hukiita diski. Na swali langu juu yake ni moja: ni wakati gani kipande hicho kinapaswa kutolewa na kutupwa? Swali linaonekana dogo. Lakini wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi ni mmoja wa walioudharau mwiba huo.

Kujikosoa

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekabidhiwa dhamana ya kusimamia magari katika ofisi moja ya umma. Tulikuwa na pikapu moja ya milango minne ambayo ilifanya kazi kuliko mfanyakazi yeyote miongoni mwetu. Dereva wake alikuwa mzee mmoja mtaratibu, aliyekuwa na desturi ya kuandika kila kitu katika daftari la safari. Mara tatu, katika miezi miwili, aliandika kwa mwandiko wake mkubwa: "Breki za mbele zinatetemeka mlimani." Mara ya tatu aliniletea daftari lenyewe mezani akasema, "Mkuu, hizi diski zimekonda. Naomba zipimwe." Nilimwuliza fundi. Fundi akanijibu kwamba pedi ndizo zimekwisha, diski bado zinashika. Nami, kwa kuwa robo ya mwaka ilikuwa inaishia na fungu la matengenezo lilikuwa limebaki jembamba, niliandika katika fomu: "Pedi tu zibadilishwe." Nikatia sahihi.

Pedi mpya zikafungwa juu ya diski za zamani. Wiki mbili baadaye gari hilo lilikuwa linateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, na ndani yake tulikuwamo watu sita, nami nikiwa mmoja wao, pamoja na maboksi ya vitabu nyuma. Anayeijua barabara ile hahitaji kuelezwa: kona baada ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Tulipofika katikati ya mteremko tulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha nikamwona mzee yule akikanyaga, akiachia, akikanyaga tena, na kanyagio likizama hadi sakafuni. Hakupiga kelele. Alirudisha gia chini, gari likanguruma, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na katika kona iliyofuata akaliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima, upande wa mtaro, hadi likasimama. Mwalimu mmoja aliyekuwa amekaa karibu na dirisha la upande huo alivunjika mkono. Wengine tulitoka na michubuko na kimya kirefu.

Gari lilipopelekwa kwa fundi mwingine, diski za mbele zilitolewa na kupimwa. Kwenye chuma chenyewe, mahali pa kusomeka, kiwandani walikuwa wameandika kwamba unene wa mwisho unaoruhusiwa ni milimita 26. Kipimo kikaonyesha milimita 23.4. Tena upande mmoja ulikuwa na ufa. Yaani jibu la swali langu lilikuwa limeandikwa ndani ya gurudumu siku zote hizo, tangu gari lilipotoka kiwandani, na hakuna hata mmoja kati yetu, afisa, fundi wala karani, aliyejisumbua kulisoma. Aliyekuwa amelisoma gari ni dereva peke yake, naye hakuwa na sahihi.

Nimeyaeleza haya kwa sababu si haki mtu awanyooshee wengine kidole na kuficha cha kwake. Lawama ya siku ile ilikuwa yangu. Lakini tangu wakati huo nimeuliza katika ofisi nyingine na shule nyingine, na nimegundua kwamba fomu niliyoijaza mimi inajazwa kila siku.

Kazi ya diski

Hapana budi kwanza tuelewe diski inafanya kazi gani. Watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni kushika. Hapana. Kazi yake ni kupokea joto. Gari linapokwenda lina nishati ya mwendo, na nishati hiyo haiwezi kupotea kwa amri ya dereva. Hugeuka kuwa joto pale pedi zinapoisugua diski. Gari la tani mbili na nusu linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati ya takriban kilojuli 617. Likisimamishwa, karibu nishati yote hiyo huingia katika breki, na sehemu kubwa zaidi huingia katika diski za mbele, kwa sababu uzito wa gari huelemea mbele linapofunga breki. Tena nishati hiyo hukua kwa mraba wa kasi: anayekwenda kilomita 100 kwa saa hana nishati mara mbili ya anayekwenda 50, bali mara nne.

Sasa tuutazame mlima. Baina ya Lushoto na Mombo pana tofauti ya kimo ya karibu mita 1,000. Gari lile lile la tani mbili na nusu, likiteremka kimo hicho, linatoa nishati ya megajuli 24 na nusu. Hiyo ni sawa na kulisimamisha gari kutoka kilomita 80 kwa saa karibu mara 40, moja baada ya nyingine. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na injini ikiwa dereva ameshuka kwa gia ya chini, na sehemu nyingine huchukuliwa na upepo na matairi. Inayobaki yote ni mzigo wa diski. Mwalimu wa fizikia anaweza kuifanya hesabu hii ubaoni kwa dakika tano.

Ndiyo maana diski hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, chenye uzito, na ndiyo maana diski za mbele za magari mengi zina kuta mbili zenye nafasi ya kupitisha hewa katikati. Chuma ni ghala la joto na hewa ni mlango wa kulitoa. Diski ikikonda, ghala limepungua. Chukua mfano wa diski ambayo kila ukuta wake ulikuwa na unene wa milimita 8: ukila milimita moja tu ya kila ukuta, umekwisha kupoteza sehemu moja ya nane ya chuma kinachobeba joto. Joto lile lile sasa linaingia katika chuma kidogo zaidi, kwa hiyo chuma hicho kinapata moto zaidi. Moto ukizidi, pedi hupoteza nguvu ya kusugua; moto ukipita katika kalipa, mafuta ya breki huchemka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi, lakini yakisha kunywa unyevu wa hewa, na yote hunywa, kiwango cha chini kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka huzaa mapovu, na mapovu hubonyea. Hapo ndipo kanyagio linapozama hadi sakafuni, kama lilivyozama siku ile.

Mtaalamu Frederick Lanchester alipata hati ya ubunifu wa breki za diski huko Uingereza mwaka 1902, lakini ilichukua miaka mingi kabla hazijaenea. Mwaka 1953 magari ya Jaguar yaliyofungwa diski yalishinda mashindano ya Le Mans nchini Ufaransa, na mwaka 1955 gari la Citroën DS likauzwa kwa wananchi wa kawaida likiwa na diski mbele. Sababu ya ushindi huo haikuwa uzuri wa sura. Diski iko wazi kwa hewa, hutoa joto upesi kuliko dramu, na kwa hiyo huchelewa kuchoka. Anayeiacha diski ikonde anautupa ubora ule ule uliofanya ibuniwe.

Kipimo

Sasa nirudi kwenye swali. Ni lini diski itolewe? Jibu la kwanza na la msingi ni hili: inapofikia unene wa mwisho ulioandikwa na mtengenezaji wake. Unene huo kwa kawaida huwa umechongwa au umesubiwa kwenye diski yenyewe, ama kwenye kitovu chake ama kwenye ukingo, kwa herufi MIN TH na tarakimu inayofuata kwa milimita. Kama kutu imeuficha, upigwe brashi ya waya. Kama haupo, umo katika kitabu cha gari.

Tarakimu hiyo hutisha inapofahamika kwa mara ya kwanza. Diski ambayo ni milimita 28 ikiwa mpya huweza kuandikwa kikomo cha 26. Maana yake ni kwamba maisha yote ya diski hiyo ni milimita mbili tu, yaani moja kila upande. Hakuna jicho la binadamu, hata la fundi mwenye miaka 40 kazini, linaloweza kuona tofauti hiyo kupitia matundu ya rimu. Kwa hiyo anayesema "naiona bado nene" hasemi uongo. Anasema jambo asiloweza kulijua.

Kipimo chake ni maikromita. Gurudumu hufunguliwa, diski hupimwa milimita kama kumi kutoka ukingoni kuelekea ndani, katika sehemu zisizopungua sita au nane kuizunguka, na kipimo kidogo kuliko vyote ndicho kinachohesabika. Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Ukingo wa nje wa diski hausuguliwi na pedi, kwa hiyo hubaki na unene wake wa zamani na kufanya kama mdomo uliosimama. Anayepima kwa venia ya kawaida hupima mdomo huo badala ya mahali palipolika, akapata namba ya furaha isiyo ya kweli. Asiye na maikromita aweke sarafu mbili za aina moja, moja kila upande, ndani ya mdomo huo. Apime vyote pamoja. Kisha atoe unene wa sarafu zote mbili. Ni ujanja mdogo, wala haugharimu kitu.

Jibu la pili ni dalili ambazo haziwezi kusamehewa hata kama unene unatosha. Ufa unaofika ukingoni, au unaopita kutoka tundu moja hadi jingine, ni hukumu isiyo na rufaa. Makovu marefu yaliyochimbika ndani ya chuma, hasa pale ambapo pedi ziliisha na chuma kikasaga chuma, ni dalili ya pili. Mabaka ya rangi ya samawati yanayoonyesha chuma kilichoungua ni ya tatu, nayo hutaka diski ikaguliwe kwa makini maana mara nyingi chini yake kuna nyufa ndogo na ugumu usio sawa. Mtetemeko wa kanyagio na usukani wakati wa kufunga breki ni wa nne. Huu kwa kawaida hutokana na unene usiolingana kuizunguka diski, na tofauti ya sehemu chache tu za mia ya milimita yatosha kuuleta.

Kadhalika, haifai diski moja ibadilishwe na mwenzake aachwe. Hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia katika ekseli moja, na hufungwa pamoja na pedi mpya, kwa sababu pedi za zamani zimekwisha kujichonga kwa umbo la makovu ya diski iliyotupwa. Kutu ya kwenye habu isafishwe, ama sivyo diski mpya itakaa upande, itacheza, na katika muda mfupi mtetemeko utarudi, watu wakaja kuilaumu diski isiyo na kosa.

Mawazo potofu

Yapo mawazo potofu manne ambayo hutumika kuutetea uzembe huu, na ni vizuri tuyajibu moja moja.

La kwanza ni lile la "diski ni chuma, haiishi". Pedi huisha na diski huisha. Tofauti ni kwamba pedi huisha upesi. Tena wabunifu waliweka kwenye pedi nyingi kijipande cha chuma cha kupiga kelele inapokaribia kwisha. Pedi zimepewa kinywa, diski haikupewa. Anayengoja diski ilie ndipo aishughulikie, atasikia kilio chake kwa mara ya kwanza mlimani.

La pili ni "zichongwe tu". Ni kweli diski yenye makovu au mtetemeko inaweza kupelekwa kwenye mashine ya kukereza ikasawazishwa. Lakini kukereza hupunguza unene, na hupunguza pande zote mbili. Diski iliyokwisha kukonda ikikerezwa inatoka iking'ara kama kioo, laini, ya kuvutia, na imekaribia zaidi kaburi lake. Wala haitoshi kwamba baada ya kukerezwa iwe imegusa kikomo tu. Kikomo ni unene wa kutupia, si unene wa kuanzia safari mpya. Lazima ibaki akiba ya kuliwa na pedi zitakazofungwa. Kwa hiyo diski ipimwe kabla ya kukerezwa na ipimwe baada ya kukerezwa. Mkerezaji asiye na maikromita ni mshonaji asiye na futi.

La tatu ni "fundi ndiye anayejua". Fundi wengi ni watu hodari na waaminifu, na wengi wao hufanya kazi bila ya vifaa ambavyo mwajiri alipaswa kuwapa. Lakini fundi asipoombwa kipimo hatatoa kipimo. Atatoa maoni, kwa sababu maoni ndiyo aliyoombwa. Daktari hatuandikii dawa ya malaria kwa kututazama usoni tu; tunataka damu ipimwe. Kwa nini basi tukubali hukumu ya macho kwa chuma kinachobeba roho za watu sita?

La nne, na hili ndilo lililonishinda mimi, ni "fungu halitoshi". Nakiri kwamba mafungu hayatoshi, na hayajapata kutosha. Lakini tuihesabu hasara yenyewe. Kuacha diski mbili za mbele si kuokoa fedha. Ni kuahirisha malipo na kuongeza deni. Pedi mpya zilizofungwa juu ya diski yenye makovu huliwa upesi, zikanunuliwa tena. Diski iliyokonda humlazimu pistoni wa kalipa atoke mbali kuliko alivyokusudiwa, mpira wake ukavuja, kalipa nayo ikanunuliwa. Na kama hatima ni mtaroni, hapo linanunuliwa gari. Sisemi lolote juu ya mkono wa yule mwalimu, kwa sababu katika vitabu vyetu vya hesabu hakuna fungu la mkono wa mwalimu.

Kosa la upande wa pili

Lakini haki haina upande mmoja. Ipo tabia nyingine inayofanana na hiyo ya kwanza kama pacha, ingawa kwa sura inaonekana kinyume chake. Hii ni tabia ya kubadilisha diski ambazo hazijafika. Gari linaingia karakana kwa ajili ya kubadilisha mafuta ya injini, linatoka na ankara ya diski nne. Afisa anaonyeshwa diski yenye kutu nyekundu na kuambiwa, "Tazama, Mkuu, zimeoza." Naye kwa hofu anatia sahihi.

Watumishi wa Tanga, Dar es Salaam, Mtwara na Zanzibar waelewe jambo hili. Chuma cha kusubu hushika kutu upesi, na penye hewa ya bahari hushika kwa usiku mmoja. Kutu ile nyepesi ya juu huondoka yenyewe dereva anapofunga breki mara chache asubuhi, na si sababu ya kununua chochote. Kutu iliyochimba mashimo katika uso wa diski, baada ya gari kuegeshwa miezi mingi, ndiyo ya kuogopwa. Hali kadhalika mistari midogo midogo isiyokwama ukucha ukipitishwa juu yake ni uchakavu wa kawaida, hasa kwa magari yanayotembea katika vumbi na matope ya vijijini. Wala idadi ya kilomita peke yake si sababu. Gari la kilomita laki moja za barabara tambarare laweza kuwa na diski nzuri kuliko gari la kilomita elfu 40 za milimani.

Kwa hiyo anayebadilisha bila kupima na anayekataa kubadilisha bila kupima ni watu wa kabila moja. Mmoja anacheza na mali ya umma, mwingine anacheza na roho za umma, na wote wawili wanakimbia namba. Mwizi wa vipuri na afisa mzembe hawapendani, lakini wote hunawiri mahali pasipo na maikromita.

Tufanye nini

Nashauri mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kamati.

Kwanza, fomu ya matengenezo ya gari la umma isikubaliwe ikiwa imeandikwa "breki zimekaguliwa" peke yake. Iandikwe kwa tarakimu: unene ulioruhusiwa na mtengenezaji, unene uliopimwa kushoto, unene uliopimwa kulia, kilomita za gari na tarehe. Pedi zinapobadilishwa, diski ipimwe wakati huo huo, maana gurudumu limekwisha kufunguliwa na kazi kubwa imekwisha kufanyika. Diski ikiwa imefika, itolewe. Ikiwa haijafika, iachwe. Na diski ya zamani irudishwe ofisini pamoja na ankara, ili anayetia sahihi aione kwa macho yake na kuisoma namba yake kwa mdomo wake.

Pili, neno la dereva liheshimiwe. Katika ofisi zetu pana kasumba ya kumwona dereva kuwa ni mtu wa kungoja chini ya mwembe mpaka mkutano wa wakubwa uishe. Lakini katika gari, mguu wa dereva ndicho kipimo cha kwanza. Yeye ndiye anayehisi mtetemeko kabla ya mtu mwingine yeyote. Anapoandika katika daftari la safari kwamba breki zina kasoro, gari lisitoke mpaka amejibiwa kwa maandishi na kwa namba. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutumika barabarani, nayo haikutoa msamaha kwa gari ambalo bosi wake ana haraka ya semina.

Tatu, nawaelekea ndugu zangu walimu. Katika maabara nyingi za shule zetu za sekondari kuna maikromita. Vijana wa mwaka wa kwanza hufundishwa kukisoma kifaa hicho kwa kupima kipenyo cha waya, hujibu swali la mtihani, kisha kifaa hufungiwa kabatini. Wakati huo huo gari la shule limeegeshwa nje, mita chache kutoka kabati hilo, na diski zake hazijapata kupimwa tangu liliponunuliwa. Elimu ya kujitegemea ina maana gani ikiwa kipimo na kitu cha kupimwa vinalala katika uwanja mmoja bila ya kukutana? Siku dereva na fundi wanapofungua magurudumu kwa matengenezo, vijana waitwe, wapime, waandike, walinganishe na tarakimu iliyo kwenye chuma. Watakuwa wamejifunza fizikia, na watakuwa wamejifunza jambo kubwa kuliko fizikia, kwamba maisha ya watu hayaamuliwi kwa kukisia.

Nafahamu kwamba wapo watakaosema makala haya yamelikuza jambo dogo. Hata mimi nililiona dogo siku ile nilipoandika "pedi tu" na kufunga faili. Tofauti ya unene uliotakiwa na ule uliokuwapo ilikuwa milimita 2.6, pungufu ya upana wa mstari wa daftari la mtoto wa shule. Ndani ya nafasi hiyo tulikuwamo watu sita.

Yule mzee amekwisha kustaafu. Nilipokwenda kumwomba radhi hakunilaumu, ila aliniambia kwamba tangu siku ile alizoea kumjibu kila fundi kwa swali moja. Swali hilo nawakabidhi wasomaji wote, maafisa, walimu, makarani na abiria wa kila gari la umma. Mtu akikuambia diski bado zinashika, usibishane naye, wala usitie sahihi. Mwulize tu: zimebaki milimita ngapi?